Usonji: Kijana anapojiandaa kusomea uhandisi Uingereza

Kijana mwenye usonji anayemudu hesabu na fizikia anaweza kupata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu nchini Uingereza bila tabu kubwa. Tabu, mara nyingi, huanza akishaingia.

Sababu moja ni ya kisheria, na wazazi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki huigundua wakiwa wamekwisha chelewa.

Huko England, mwanafunzi wa shule mwenye mahitaji makubwa huweza kupewa mpango rasmi wa elimu, afya na huduma, ujulikanao kwa kifupi kama EHCP, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2014. Halmashauri ya eneo huwajibika kuutekeleza, na mzazi hushirikishwa unapopitiwa kila mwaka. Mpango huo hukoma kijana anapojiunga na chuo kikuu.

Kuanzia hapo chuo huzungumza na mwanafunzi, si na baba wala mama yake. Bila ya idhini ya kijana mwenyewe, mzazi hataelezwa hata kama mwanawe anahudhuria mihadhara.

Kwa hiyo maandalizi yenye uzito zaidi si masomo ya ziada ya hesabu. Ni kumzoeza kijana, tangu akiwa na umri wa miaka 16 hivi, kueleza kwa kinywa chake kinachomsaidia na kinachomkwaza. Kumwandikia mwalimu, kupanga miadi na daktari, kupika, kufua, kupanda treni peke yake. Mama aliyemsemea mwanawe kwa miaka 15 hawezi kuacha kwa siku moja, na hapo pengine ndipo penye kazi ngumu kuliko zote.

Kutaja au kunyamaza

Zipo familia zinazoona heri kunyamaza, kwa kuchelea maneno ya watu au kwa hofu ya kunyimwa nafasi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ina gharama. Fomu ya UCAS, ambayo kwayo maombi ya vyuo hupitia, ina sehemu ya kutaja ulemavu au hali kama usonji, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inapiga marufuku ubaguzi na kukitaka chuo kifanye marekebisho ya kadiri. Chuo ambacho hakikuarifiwa ni vigumu kumpangia kijana marekebisho yanayomfaa yeye.

Upo pia msaada wa serikali uitwao DSA, unaoweza kulipia mshauri maalumu wa kukutana na mwanafunzi kila wiki au programu za kompyuta za kunukuu mihadhara. Hautegemei kipato cha wazazi wala haurejeshwi. Kwa familia zinazokwepa mikopo ya wanafunzi kwa sababu ya riba, inafaa kujua kwamba DSA huweza kuombwa hata na asiyechukua mkopo.

Ushahidi wa kitabibu unahitajika, na foleni za uchunguzi wa usonji katika huduma ya afya ya taifa, NHS, hupindukia mwaka katika maeneo mengi. Anayengoja hadi kidato cha mwisho amechelewa.

Mwanafunzi anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kwa viza ya masomo hapati DSA, ingawa wajibu wa chuo chini ya sheria ya 2010 unamhusu naye pia.

Karakana na kazi za vikundi

Uhandisi una jambo lake. Wengi hudhani ni fani ya mtu na vikokotoo vyake, ilhali vigezo vya Baraza la Uhandisi la Uingereza vya kutambua shahada vinataka mhitimu awe ameonyesha kwamba anaweza kufanya kazi na wenzake. Kazi ya kikundi, basi, haifutwi. Kinachoweza kubadilishwa ni namna ya kuifanya: majukumu ya kila mmoja yaandikwe, vikao viwe na ajenda, na mkufunzi awapange wanafunzi mwenyewe badala ya kuwaacha watafutane, kwani katika kutafutana huko kijana mkimya ndiye hubaki peke yake.

Karakana nazo zina kelele, harufu na mwanga mkali. Kuzizuru siku ya wageni kabla ya kuchagua chuo kunafaa kuliko kusoma vipeperushi. Vipo vyuo, Bath kikiwa kimojawapo, vilivyowahi kuendesha kambi za kiangazi kwa vijana wenye usonji ili waonje maisha ya bweni na mihadhara.

Na orodha ya masomo isomwe kwa makini. Kijana apendaye treni kupita kiasi aambiwe mapema kwamba mwaka wa kwanza ni hesabu, mekanika na umeme, na huenda asiguse treni hata moja. Wengine hulipokea vyema. Wengine hugundua kwamba walichokipenda ni ratiba za treni, wala si injini.

Ikiwa familia inataka kubaki karibu, kijana anaweza kutia saini idhini ya chuo kuzungumza na mzazi aliyemtaja. Anaweza kuiwekea mipaka, na anaweza kuiondoa wakati wowote.