SHAABANI IPI?



Ndugu yangu uliyeniuliza juzi: unasema mwenzako wa stoo anakutumia ujumbe "ule mzigo umeshaondoka" na kunyamaza. Mzigo upi, magunia mangapi, siku gani, hasemi. Mteja akija juu, wewe ndiye unayesimama mbele ya bosi. Unauliza, umshitaki au usubiri?

Ngoja nikurudishe kwenye historia, maana tatizo lako lina umri wa miaka zaidi ya 1,380.

Mwaka wa 16 au wa 17 baada ya Hijra, Abuu Musa Al-Ash'ariy (r.a.) alikuwa liwali wa Basra, na Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa Khalifa Madina. Imepokewa kwamba Abuu Musa alimwandikia Umar kumwambia kuwa barua zake zinafika hazina tarehe. Amri mbili zikija, itajuliwaje ipi ya mwanzo na ipi imeifuta mwenzake? Riwaya nyingine inasema Umar aliletewa hati ya deni, muda wa kulipa umeandikwa Shaabani tu. Akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, tuliyonayo, au ijayo?

Basi Umar akawakusanya Masahaba. Wako waliotaja kalenda za Warumi na za Wafursi. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) ndiye aliyeshauri mwaka uhesabiwe tangu Hijra ya Mtume (s.a.w.), ukaanzia Muharram. Kalenda iliyoko ukutani kwako imetokana na karatasi zilizoandikwa nusunusu!

Sasa mtazame Abuu Musa. Barua zenye upungufu zilitoka kwa mkubwa wake. Hakwenda kumsengenya sokoni Basra. Alimwandikia mwenyewe, akataja kinachokosekana na kinavyomkwamisha kazi. Na Umar, ambaye ukali wake mnaujua, hakukasirika; aliweka utaratibu wa watu wote. Fanya hivyo. Mfuate mwenzako mkiwa wawili, umwoneshe ujumbe wake kwenye simu, mkubaliane kila ujumbe uwe na jina la mteja, idadi na tarehe. Akiendelea, hapo mpelekee bosi, na huko si kusengenya, maana mali ni ya watu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inatukataza kuchoka kuandika, deni liwe dogo au kubwa.

Ukiona haya ni mambo madogo, uliza hapa kwetu Kemondo. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapita kwenye gati letu kuchukua abiria zaidi, na asubuhi ya tarehe 21 ikazama ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwepo. Ya daraja la tatu, walikopanda watu wa hali ya chini, haikuwepo. Sisemi karatasi ndiyo iliyozamisha meli, la. Lakini hata leo idadi kamili hakuna anayeijua.

Na wapo ambao miili yao haikupatikana. Mtu hayumo kwenye orodha, wala kaburi lake halipo Igoma. Mke aanze eda lini? Mirathi igawiwe lini, na kwa ushahidi gani kuwa alipanda? Fiqhi inamwita mtu huyo mafquud. Imepokewa kuwa Umar huyo huyo alimwamuru mke wa aliyepotea asubiri miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na wanazuoni wamekhitalifiana. Hukumu za mafquud tutazisoma Ijumaa baada ya Alasiri, inshaAllah. Mwenye swali la familia yake aniandikie faragha, ataje na tarehe.