Usalama wa taarifa (taaluma na ajira): Ndalambo na Mkoa wa Songwe

Usalama wa taarifa ni fani ya TEHAMA inayolinda usiri, usahihi na upatikanaji wa taarifa, ziwe zimehifadhiwa kwenye seva, simu ya kitochi au jalada la karatasi. Kwa kijana wa Ndalambo, kata ya Wilaya ya Momba, fani hii huanza kujulikana kwa upande wake mbaya, yaani utapeli wa simu. Kuisomea na kuifanyia kazi humtoa nje ya wilaya mapema.

Mazingira

Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, eneo lote likiwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe ikawa mkoa mwaka 2016, makao makuu Vwawa. Ndalambo iko katika ukanda wa Wanyamwanga, wakulima wa mahindi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafika mji wa mpakani wa Tunduma na kuunganishwa na Zambia.

Utapeli wa simu

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, ikafuatiwa na huduma za kampuni nyingine, na pesa ya mazao ikahamia kwenye simu. Wezi nao wakahama. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafahamika vijijini kuliko neno udukuzi, na mbinu yake ni nyepesi mno: hutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo, kwa matumaini kwamba mmoja wao alikuwa kweli anasubiri kumtumia mtu hela. Wengine hujifanya huduma kwa wateja na kuomba namba ya siri, au hutuma ujumbe wa muamala wa uongo kisha kupiga simu wakilia kwamba wamekosea namba. Ahadi za utajiri wa Freemason na za waganga bado zinapata wateja. Hakuna mfumo unaovunjwa hapo. Kinachochezewa ni haraka, huruma na tamaa ya anayepokea ujumbe. Wakala anayeangalia salio lake kabla ya kuamini ujumbe amekwisha kushika kanuni ya kwanza ya fani, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli. Rukwa inapakana na Momba. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa (NIDA) ulianza Mei 2019, na uzimaji wa laini zisizosajiliwa ukaanza Januari 2020. Utapeli haukuisha, kwa kuwa laini husajiliwa pia kwa majina ya watu wasiojua lolote. Ndiyo maana mwananchi huhimizwa kupiga *106# kuona namba zilizo chini ya kitambulisho chake, na kupeleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040.

Mafunzo

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina shahada ya usalama wa mitandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijiti. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kinafundisha usalama wa mitandao. Kilicho karibu zaidi na Songwe ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, ambako mwanafunzi hupata msingi wa kompyuta kwa upana.

Msingi huo hauepukiki. Anayekimbilia zana za udukuzi kabla ya kuelewa jinsi pakiti ya data inavyotoka kwenye simu hadi kwenye seva hubaki kubonyeza vitufe. Mitandao, Linux, programu fupi za Python na usomaji wa kumbukumbu za mfumo hutangulia. Maabara ya nyumbani inawezekana kwenye laptopu iliyotumika: kompyuta pepe mbili ndani ya VirtualBox, moja ya kushambulia na nyingine ya kushambuliwa, zikiwa zimetengwa na intaneti. Zikishapakuliwa hazili bando tena, jambo lenye uzito kwa mtu wa kijijini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 3, kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kijana anayejipima kwenye mfumo wa watu bila kibali cha maandishi anacheza na jela, hata akiwa na nia njema.

Vyeti vya kimataifa hulipiwa kwa dola. Security+ hufaa anayeanza. CISSP na CISA hudai uzoefu wa miaka 5, ingawa sehemu yake inaweza kufidiwa na elimu.

Ajira

Waajiri ni benki, kampuni za simu, Mamlaka ya Mapato (TRA), Mamlaka ya Serikali Mtandao, Polisi, na TCRA yenye TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Nafasi nyingi ziko Dar es Salaam na Dodoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazitaka taasisi kuwa na afisa wa ulinzi wa taarifa hizo, na hivyo imefungua mlango hata kwa waliosomea sheria au utunzaji wa kumbukumbu.

Mpakani

Tunduma ndiyo sehemu ya Songwe yenye kazi ya namna hii. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kilifunguliwa Oktoba 2019, na nyaraka za malori yaendayo Zambia na Kongo hupita kwenye mifumo ya kompyuta. Upande wa pili Zambia ilitunga sheria yake ya usalama wa mitandao mwaka 2021, kisha ikaibadilisha mwaka 2025. Shauri la tapeli mwenye laini ya Nakonde na mhanga wa Tunduma huhitaji polisi wa nchi mbili.