Kila Kilipuzi Huitwa Baruti, Lakini Si Kitu Kimoja

Mimi ni mtu wa Pwani, kazi imenileta Meru na Embu. Karibu na machimbo ya mawe, kila kilipuzi huitwa baruti. Tuvitenganishe.

Kikemia, baruti nyeusi ni mchanganyiko. TNT ni kampaundi moja. Kwa nguvu, baruti nyeusi huungua polepole kuliko sauti. Mlipuko wa TNT au dainamaiti huipita sauti kwa kasi. Kwa wepesi wa kushtuka, iogopeni fataki: ni ndogo, lakini pigo dogo laweza kuilipua. Kwa hatari, Umoja wa Mataifa huviweka vyote Daraja la 1, makundi 1.1 hadi 1.6, ya 1.1 shehena nzima yaweza kulipuka kwa mpigo.

Wazazi, mtoto akiona kidude cha bati chenye nyaya, asikiguse. Aondoke, nanyi mwite polisi.