Kaida: Nyanda za Farasi na Soba

Kaida ni nyanda za juu zilizo magharibi mwa mkoa wa Nagano, katikati ya Honshu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Japani. Mashamba yake yako kwenye mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,300 hivi, chini ya Ontake, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 3,067. Miongoni mwa volkano za nchi hiyo ni Fuji peke yake unaouzidi. Majira ya baridi ni marefu, na usiku wa Januari halijoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Jina la mahali hapa huandikwa kwa herufi mbili, moja ikiwa na maana ya kufungua na nyingine shamba la mpunga, lakini kwa karne nyingi mpunga ndio ulioshindikana. Vilivyokubali ni farasi mdogo wa Kiso na zao la soba, na historia ya Kaida ni historia ya viwili hivyo kutegemeana.

Nyanda hizi ni sehemu ya Bonde la Kiso, ambako zaidi ya tisa ya kumi ya ardhi ni msitu. Udongo wa Kaida ni mweusi, uliotokana na majivu ya volkano. Kwa macho unaonekana wenye rutuba, kumbe una asidi nyingi na hauachii mimea fosfati kwa urahisi. Bila samadi hapakuvunwa kitu cha maana, na samadi ilitoka kwa farasi.

Farasi wa Kiso ni mmoja wa aina nane za farasi wa asili wa Japani, na ndiye pekee wa asili ya Honshu. Kimo chake mabegani ni wastani wa sentimita 133. Miguu ni mifupi, kiwiliwili kirefu, tumbo kubwa, na wengi wana mstari mweusi uliopita mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani. Kwato zake ni ngumu kiasi kwamba alipanda njia za mawe bila kupigiliwa vyuma, na aliweza kuishi kwa majani makavu ambayo farasi wakubwa wasingenenepea. Zaidi ya hayo ni mpole. Wanaume walipokwenda kufanya kazi msituni, wanawake ndio waliobaki kumtunza.

Masimulizi ya wenyeji humhusisha farasi huyu na Minamoto no Yoshinaka, shujaa aliyelelewa Kiso, ambaye mwaka 1183 aliyashinda majeshi ya ukoo wa Taira katika kipito cha Kurikara, akaingia Kyoto, kisha akauawa mwaka uliofuata. Habari zilizo wazi zaidi zinaanza karne ya 17. Mwaka 1615 bonde lote liliwekwa chini ya utawala wa Owari, uliokuwa na makao yake Nagoya, na shughuli za kila siku zikasimamiwa na ukoo wa Yamamura katika mji wa Fukushima. Mji huo ulikuwa na kizuizi cha ukaguzi wa wasafiri kwenye Nakasendo, barabara ya milimani iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya leo, na Kyoto. Owari ilithamini mbao kuliko kitu chochote. Mti wa hinoki ulikatazwa kuguswa, na adhabu yake ilisemwa kwa maneno machache: mti mmoja, kichwa kimoja. Mkulima aliyefungiwa msitu na kunyimwa mpunga na baridi alibaki na nyasi tu, na nyasi hizo akazigeuza kuwa farasi.

Wakulima wengi hawakuwa na uwezo wa kununua mnyama. Palikuwa na matajiri wa farasi waliowakabidhi watu majike wa kufuga. Mfugaji alimlisha jike, akamtumia kulima na kubeba mizigo, akabaki na samadi. Mtoto wa farasi alipouzwa, fedha ziligawanywa kati ya mfugaji na mwenye mali. Ukoo wa Yamashita wa Kaida ulikuwa mmojawapo wa matajiri hao, na pia ulikuwa wa waganga wa farasi. Nyumba yao ya zamani imehifadhiwa na leo ni makumbusho. Kwa wafugaji wadogo, siku ya gulio la farasi la Fukushima, lililohesabiwa kuwa moja ya magulio matatu makubwa ya farasi nchini Japani, ndiyo siku ambayo fedha taslimu ziliingia nyumbani.

Farasi aliishi na watu chini ya paa moja. Zizi lilikuwa ndani ya nyumba, mara nyingi upande wa kusini wenye jua, ili familia imwangalie hata theluji ilipoziba njia. Alipokufa, wengi walimsimamishia kando ya barabara jiwe lenye sanamu ya Bato Kannon, mtakatifu wa Kibudha mwenye kichwa cha farasi juu ya paji la uso. Mawe hayo bado yako mengi katika vijiji vya Kaida.

Kumlisha farasi miezi yote ya baridi kulidai mbuga kubwa. Wakulima walizigawa mbuga zao na kuzihudumia kwa zamu ya miaka miwili. Masika ya mwaka wa kwanza nyasi zilichomwa moto, na vuli ya mwaka wa pili zilikatwa, zikakaushwa na kupangwa mirundo mirefu yenye ncha. Mahali ambapo desturi hii imedumu, maua ya mwituni na vipepeo adimu vimesalia, ilhali mbuga zilizoachwa zimemezwa na vichaka.

Samadi ya zizini ilikwenda kwenye mashamba ya soba. Soba huliwa kama nafaka, ingawa mmea wenyewe si wa jamii ya nyasi kama ngano au mpunga. Mbegu yake ni nyeusi yenye pembe tatu, na hukomaa kwa siku 75 hivi. Kwa hiyo Kaida hupandwa karibu na mwanzo wa Agosti, mashamba hutanda maua meupe Septemba, na mavuno hukamilika Oktoba kabla theluji haijaanguka. Zamani unga wake ulisongwa tu kwa maji ya moto ukawa bonge zito, namna ya ugali. Tambi zilikuja baadaye, na Bonde la Kiso lina nafasi ya pekee katika habari zake. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana kuhusu tambi za soba ni ya mwaka 1574, katika hekalu la Josho-ji, kusini mwa bonde hilo, ambako tambi hizo zimetajwa katika kumbukumbu za ukarabati wa jengo.

Kitoweo cha soba kinaeleza ugumu wa milima. Chumvi ililetwa kutoka pwani kwa mgongo wa mnyama au wa mtu, ikawa ghali. Ndiyo maana watu wa Kiso walichachusha majani ya tenipu nyekundu bila chumvi hata kidogo, kwa nguvu ya bakteria wa maziwa chachu pekee. Majani hayo, yaitwayo sunki, huwa makali kwa uchachu na huwekwa juu ya tambi zilizo katika mchuzi wa moto. Namna nyingine ya kula ni kutia tambi katika kikapu kidogo chenye mpini na kukizamisha kwenye chungu kinachochemka katikati ya walaji.

Pigo kwa farasi lilitoka serikalini. Baada ya vita dhidi ya China, jeshi la Japani liliamua kuwa farasi wa nchi ni wafupi mno kuvuta mizinga. Sheria ya kuhasi madume ilitungwa mwaka 1901, idara ya farasi ikaanzishwa mwaka 1906, na madume wakubwa kutoka Ulaya wakaletwa kubadilisha mbegu. Sheria ya mwaka 1939 ikakaza udhibiti huo, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili madume wa Kiso walikuwa wamehasiwa karibu wote.

Dume mmoja, Shinmei, alinusurika kwa sababu alikuwa ametolewa wakfu kwa hekalu la Kishinto la Takemizuwake, kaskazini zaidi katika mkoa huohuo. Farasi wa miungu hakuguswa na kisu cha serikali. Baada ya vita alipandishwa kwa jike wa Kiso, na mwaka 1951 akazaliwa dume aliyeitwa Haruyama wa Tatu, ambaye aligeuka kuwa baba wa kizazi kipya.

Hata hivyo trekta na mbolea ya viwandani vilikuwa vimeanza kumwondolea farasi kazi zake. Chama cha kumhifadhi kiliundwa mwaka 1969, na mwaka 1983 mkoa wa Nagano ulimtangaza kuwa urithi wa asili. Mwaka 1995 kilifunguliwa Kaida kituo cha malisho ambako wageni huwatazama farasi hao na kuwapanda. Kijiji cha Kaida chenyewe, kilichoundwa mwaka 1889 kwa kuunganisha vijiji vya Nishino na Suekawa, kiliingizwa katika mji wa Kiso mwaka 2005.

Leo soba, iliyokuwa chakula cha waliokosa wali, ndiyo inayowapandisha wageni milimani. Farasi halimi tena shamba lake, na idadi ya aina hiyo katika Japani nzima haifiki 200. Haruyama wa Tatu alikufa mwaka 1975. Ngozi yake ilijazwa na kuhifadhiwa Kaida, na karibu farasi wote wa Kiso walio hai ni wa uzao wake.