Njia ya Mkata hadi Mkunazini

Atokaye Morogoro kwa barabara ya Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964. Kaskazini ya barabara umelala uwanda wa Mkata. Wageni huufuata kwa simba na twiga. Wapagazi wa karne ya 19 waliujua kwa tope. Misafara kutoka Bagamoyo iliuvuka, ikapumzika Rehenneko, kisha ikapandisha bonde la mto Mkondoa, ilipo Kilosa leo, kuelekea Mpwapwa na Ugogo.

Henry Morton Stanley aliukuta masika ya 1871 alipokwenda kumtafuta David Livingstone. Mwaka uliofuata, akirudi pwani, aliyakuta mafuriko mabaya zaidi. Alibeba barua na daftari za Livingstone ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa kichwani mwa mpagazi aliyeitwa Rojab, maji yakimfika shingoni. Stanley alimwelekezea bastola: likidondoka, nakupiga risasi. Rojab alivuka, na sanduku lilifika. Ajabu yake, mwenye bastola ndiye aliyeisimulia habari hii kwa fahari, hata ikachorwa picha kitabuni mwake.

Mei 1873 ikawa zamu ya Robert Moffat, mtoto wa shemeji yake Livingstone. Kijana huyo aliuza shamba lake la miwa huko Natal ili ajiunge na msafara wa Verney Lovett Cameron wa kumpelekea Livingstone msaada. Homa ilimuua njiani, kabla hajafika Rehenneko. Mwezi huohuo Livingstone mwenyewe alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aprili 18 ukazikwa ndani ya Westminster Abbey, London. Bamba lililowekwa juu ya kaburi hutaja mikono minyofu iliyomleta kwa nchi kavu na bahari. Mikono tu, majina ya wenye mikono hayamo. Royal Geographical Society ilifua nishani 60 kwa ajili yao, na nishani, kwa kawaida yake, humfuata mtu kaburini au sokoni. Kibao cha kanisa hubaki ukutani.

Unguja nako mambo yalikuwa yakienda. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale Mkunazini. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi mwenyewe. Wenyeji husimulia kwamba aliposafiri mafundi walizisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini, na zikaachwa hivyohivyo. Ibada ya kwanza ilisomwa Krismasi ya 1877. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Mwaka huohuo Chuma naye alifia Unguja, na Susi akamfuata 1891.

Kumbukumbu zilizoingia kanisani baadaye zinaonyesha nani alikuwa na ndugu wa kuzigharimia. Kuna dirisha la vioo vya rangi kwa mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakiwinda majahazi ya watumwa. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kwa Chitambo, ule uliohifadhi moyo. Mti wenyewe ulikatwa 1899 na kipande cha shina kikapelekwa London. Mimi huupenda msalaba kuliko dirisha, maana angalau ni kitu kilichotoka bara, na kila kilichotoka bara kilibebwa na mtu. Watumwa walingoja hadi miaka ya 1990, Clara Sörnäs wa Sweden alipowachonga watu watano shimoni, minyororo shingoni. Nao wako uani, nje ya kanisa.

Wapagazi bado. Kibao chao kikitafutiwa mahali, Unguja ina vibao vya kutosha. Kiwekwe Kilosa, karibu na stesheni, ambako reli ya kati ilikuja kuwapokonya mizigo mwanzoni mwa karne ya 20. Fundi akumbuke tu kukiinua juu na kukikaza kwa saruji nzuri: Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaibomoa reli hiyohiyo.