Mshumaa Hautupi Harufu

Kamati moja ya istilahi, ambayo kwa staha sitaitaja, imewagawia wanaotengeneza mishumaa ya nta ya soya majumbani neno "utupo wa harufu", eti ndiyo nguvu ya manukato ya mshumaa kukijaza chumba. Waingereza husema mishumaa yao hutupa harufu. Hayo ni yao. Kwetu kinachotupwa ni taka, au jongoo na mti wake. Kamati haikukomea hapo: harufu ya mshumaa usiowashwa ikawa "utupo wa baridi", na ya uliowashwa "utupo wa moto". Jirani akisikia kuna utupo wa moto upande wa pili wa ukuta, atakimbilia ndoo ya maji.

Neno tunalo: hanikiza. Udi ukifukizwa chetezoni, harufu huhanikiza nyumba nzima. Ngoma nazo huhanikiza mtaa. Kitenzi hiki hubeba harufu na sauti pamoja, mradi kitu kimeenea hadi pakajaa. Nami nakitolea nomino mhanikizo, kama sukuma ilivyozaa msukumo na tikisa mtikiso; wingi wake mihanikizo. Basi pawe na mhanikizo wa ubaridi na mhanikizo wa mwako.

Wapo wanaoupigia debe "mnukio". Kunukia ni sifa ya harufu yenyewe: waridi hunukia puani na lisihanikize hata kabati. "Mtawanyiko" tuwaachie askari na waandamanaji. Mjumbe mmoja aliniambia, kwa tabasamu la mtu asiyefungua kamusi, kwamba hanikiza ni neno "la pwani mno". Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Labda mwenzetu anadhani Unguja iko nyanda za juu.

Matumizi ya neno hili ni mepesi, kama katika maelezo haya ya kutengeneza mshumaa. Kwa gramu 500 za nta ya soya, gramu 40 za manukato hutosha: yatie nta ikishayeyuka yote, koroga taratibu, mimina katika chombo cha kioo kinachohimili joto, kisha subiri wiki mbili. Utambi ukiwa mwembamba mno, nta haiyeyuki hadi ukingoni na mhanikizo wa mwako hufifia.

Enyi mnaoandika vibandiko na vitabu vya mafunzo, andikeni mhanikizo. Msiingoje kamati, itafika, kama ada yake, watu wakishazoea.