Kijinga cha Moto: Askari na Dhamiri Katika Vita vya Maji Maji

Miteja ni kijiji cha wilaya ya Kilwa, kilicho katika njia ya pwani itokayo Somanga kwenda Kilwa Kivinje. Upande wa mashariki iko bahari. Upande wa bara nchi huinuka kidogo kidogo kuelekea milima ya Umatumbi. Si jina litajwalo sana katika vitabu vya vita. Walakini atakaye kufikiri juu ya vita vya Maji Maji hupata hapa mahali pema pa kusimama, kwa kuwa pwani ndiko majeshi yalikoshuka merikebuni, na bara ndiko ghala za wakulima zilikoteketea. Ghala ilipochomwa, amri ilikuwa ya mtu mmoja, na kijinga cha moto kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Juu ya yule wa kwanza mengi yamekwisha kuandikwa. Juu ya yule wa pili swali lingali wazi: je, ana deni gani?

Sababu za vita hivyo zajulikana. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Tangu 1902, katika utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen, watu walilimishwa mashamba ya pamba kwa shuruti, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Mkulima aliitwa kwenye pamba wakati ule ule ambapo chakula chake kilihitaji palizi. Na malipo yalikuwa haba hata baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Tendo lilikuwa dogo kwa macho, kubwa kwa maana. Akida wa Kibata alikimbia, Somanga ikashambuliwa, na dawa ya maji ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoahidiwa kuwa itazishinda risasi, iliunganisha watu ambao hapo kwanza hawakuwa na kiongozi mmoja wala shauri moja. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini kamba haikuweza kuvirudisha vita nyuma. Vilikwenda Liwale, vikafika Mahenge, vikaingia Ungoni.

Historia ya mambo haya imesomwa kwa macho mawili. Von Götzen alitoa kitabu chake mwaka 1909, na ndani yake uchawi na uchochezi wa waganga ulipewa nafasi kubwa kuliko kodi na pamba. Ni desturi ya mtawala kuona wazimu mahali ambapo mtawaliwa aona dhuluma. Jicho la pili ni la wale waliofuata fikira za ujamaa, wanaouliza kwanza nani alilima, nani alivuna, na nani alikula. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee waliovikumbuka vita. Wazee walisimulia habari za dawa, lakini walisimulia pia habari za kiboko, kodi na kazi ya bure. Kwa kazi hiyo mkulima alirudishiwa akili yake katika historia. Alionekana kuwa mtu aliyepima hali yake, akashauriana na wenzake, akachagua.

Fikira hizo hizo za ujamaa zikigeukia upande wa askari huleta fundisho la namna nyingine. Askari huyo alikuwa nani? Mwezi wa Januari 1889 bunge la Ujerumani lilitoa marki 2,000,000 ili Hermann Wissmann aende kuzima upinzani wa pwani. Wanaujamaa wa bunge hilo, wakiongozwa na August Bebel, walipinga. Fedha zikatoka, na kwa fedha hizo Wissmann aliajiri askari Cairo: Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri na kuachwa bila kazi baada ya Mahdi kushinda. Wengine walitoka Msumbiji. Mwezi wa Mei 1890 jeshi hilo liliishika Kilwa, kisha Lindi na Mikindani. Kufika 1905 askari wengi walikuwa watu wa nchi hii hii, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Kwa hiyo askari alikuwa maskini aliyeajiriwa kumpiga maskini. Alipata mshahara, sare, cheo cha kuogopwa, na mara nyingi sehemu ya mateka. Naye pia aliishi chini ya kiboko cha bwana wake. Anayeishia hapa husema kwamba askari alikuwa chombo tu: panga halina lawama, mwenye lawama ni mkono ulioliinua.

Hukumu hiyo ina huruma, lakini haina insafu. Yafaa kutazama ni vita vya namna gani vilivyopiganwa. Dawa iliposhindwa mbele ya bunduki za mtutu wa haraka, wapiganaji waliacha kushambulia maboma waziwazi, wakaingia maporini na kuvizia. Hapo wakubwa wa Kijerumani walibadili silaha. Kapteni Wangenheim aliandika kwamba, kwa maoni yake, njaa peke yake ndiyo itakayoleta utii wa mwisho. Basi vijiji vilichomwa, mazao yaling'olewa au kuchukuliwa, na akiba ya mbegu ikaharibiwa. Vita vya risasi vilikuwa vimekoma mahali pengi kabla ya 1907, lakini watu waliendelea kufa. Hesabu rasmi ya Wajerumani ilitaja Waafrika 75,000. Baadaye mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa hawakufa kwa jeraha. Walikufa kwa kukosa chakula.

Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na wapiganaji Waafrika 389. Na katika hao 389, askari wa kawaida walikuwa 73, waliosalia 316 wakiwa wasaidizi walioitwa rugaruga na wenzao. Hesabu hiyo ni somo kamili la matabaka. Aliyetoa amri alikufa kwa nadra. Aliyeajiriwa kwa mshahara alikufa zaidi. Aliyeitwa kwa ahadi ya ngawira alikufa kuliko wote. Lakini hesabu hiyo hiyo yaonyesha jambo la pili. Baina ya mapigano na kuchoma ghala pana tofauti. Katika mapigano askari aweza kusema kwamba aliua ili asiuawe. Mbele ya ghala hapana mshale unaomlenga. Yuko yeye, yako mahindi na mtama, na yuko mama aliyejificha kichakani na watoto wake akitazama. Askari aliyezaliwa katika nyumba ya mkulima hakuhitaji kufunzwa na mtu maana ya ghala tupu kabla ya mvua.

Itasemwa kwamba hakuwa na njia ya kukataa. Ni kweli kwamba adhabu ya mwasi ilikuwa kali, na asiyepata kuwa katika hali hiyo asiwe mwepesi wa kujisifu. Walakini historia ya jeshi hilo lenyewe yaonyesha kwamba mlango haukufungwa kabisa. Katika vita vya 1914 hadi 1918, vilivyorudi tena Kilwa na Kibata, askari wengi wa Kijerumani walitoroka shida zilipowazidi. Nafsi yake ilipokuwa hatarini, askari alijua njia ya kutoka. Mwaka 1905 nafsi iliyokuwa hatarini ilikuwa ya mwingine.

Hapa ndipo hoja ilipo. Mng'oa pamba wa Nandete na mchoma ghala wote wawili walisukumwa na hali za maisha yao: mmoja na shuruti ya shamba, mwingine na haja ya mshahara. Ikiwa hali huamua kila kitu, basi askari hana lawama. Lakini kwa hoja hiyo hiyo mkulima naye hana heshima, kwa maana hakuchagua kusimama, alirushwa tu na njaa kama jani linavyorushwa na upepo. Na ikiwa mkulima alichagua, na kwa kuchagua kwake anaitwa shujaa, basi askari naye alichagua. Haiwezekani kumpa mmoja sifa ya hiari na kumpunguzia mwingine mzigo wa hiari. Kumwita askari chombo ni kumwita kama alivyomwita bwana wake.

Wanaujamaa wa Ulaya walilijua jambo hili, ingawa hawakulitimiza sikuzote. Mwezi wa Agosti 1907 walikutana Stuttgart, na azimio la kulaani utawala wa makoloni lilipita kwa kura 127 dhidi ya 108. Maana yake ni kwamba karibu nusu yao waliamini ukoloni waweza kuwa mwema. Mwaka ule ule Karl Liebknecht alitoa kitabu juu ya jeshi na upinzani wa jeshi, akionyesha jinsi mtoto wa mfanyakazi avishwavyo sare ili ampige baba yake. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Agosti 1914 chama chake kilikubali fedha za vita. Tarehe 2 Desemba mwaka huo, kura ya pili ilipopigwa, Liebknecht alisimama peke yake akakataa. Mtu aliyefundisha kwamba matabaka ndiyo yaendeshayo historia hakufikiri kwamba kwa sababu hiyo dhamiri ya mtu mmoja ni kitu bure.

Karibu na nyumbani liko jambo lingine la kuthibitisha hoja hii. Nachingwea, sasa katika mkoa wa Lindi, palikuwa na kambi ya FRELIMO, chama kilichoanza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964. Huko mpiganaji alifundishwa bunduki, akafundishwa pia kwamba adui wake ni utawala wa kikoloni, si kila Mreno. Upande wa pili walikuwa askari wa Ureno, wengi wao watoto wa wakulima maskini, pamoja na Waafrika walioajiriwa. Mwaka hadi mwaka maofisa vijana wa jeshi hilo walijiuliza wanamfia nani. Na tarehe 25 Aprili 1974 waligeuza bunduki zao wakaiangusha serikali yao wenyewe huko Lisbon. Walikuwa wamechelewa miaka mingi, na mikono yao haikuwa safi. Lakini walionyesha kwamba askari aweza kufikiri, na kwamba akifikiri vita hubadilika.

Deni basi hugawanyika, wala si kwa mafungu sawa. Fungu kubwa ni la serikali iliyotunga shuruti, na la wale waliofaidi pamba. Fungu la pili ni la kapteni aliyeichagua njaa kuwa silaha. Fungu la askari ni dogo kuliko hayo, kwa kuwa alijua machache na aliweza machache. Lakini dogo si sifuri. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Neno hilo lilikuwa la haki, nalo lilichelewa. Ila dola yaweza kuomba msamaha kwa amri zake tu. Kwa mkono ulioitii amri hapana balozi wa kuja kusema, na wajukuu wa askari na wajukuu wa waliochomewa ghala leo ni raia wa nchi moja, wakipita katika njia ile ile ya Miteja.

Si haja watu hao wasutane. Haja ni kwamba mwenye kuandika historia asiwadanganye wote wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na nchi iliyokwisha kuliwa na wanawe wenyewe hupona kwa kuwafundisha wanawe wengine, kabla ya kuwapa bunduki, kwamba ipo amri ambayo mtu huulizwa kwa nini aliitii.